Zaidi ya Dinari Mbili

Katika mfano wa Msamaria Mwema (Luka 10) tumezoea kuhubiriwa juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando, na juu ya mafuta na divai. Juu ya fedha hatuhubiriwi sana. Lakini fedha imo. Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akaongeza neno ambalo mimi naliona zito kuliko dinari zenyewe: kwamba gharama yoyote itakayozidi hapo atailipa yeye atakaporudi. Dinari mbili ziliweza kutosha kitanda na chakula. Jeraha lenyewe lingedai kiasi gani, hakuna aliyejua siku ile ya kwanza.

Deni hili la ziada limewasumbua Wamarekani kwa zaidi ya miaka 35 katika nyumba zao za kutunzia wazee na wagonjwa, nasi linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Wakenya wengi walioko Lowell na Worcester, katika jimbo la Massachusetts, hupata riziki katika nyumba hizo, wakiosha, wakilisha na kugeuza vitandani watu wasiojiweza. Na si wote wanaotunzwa humo walio wazee. Wamo waliozaliwa na ulemavu wa akili, au wenye mtindio wa ubongo, au walioshikwa na kifafa tangu utoto.

Walifikaje humo? Zamani watu wa namna hii waliwekwa katika mabweni makubwa ya serikali, na mwaka 1967 walikuwamo karibu 195,000. Mwaka 1972 televisheni ilionyesha hali ya bweni la Willowbrook, mjini New York, watoto wakiwa uchi katika uchafu, na taifa likaona haya. Mabweni yakazidi kupunguzwa. Lakini wako ambao hawakurudi kwao. Walitolewa jengo moja wakaingizwa jingine, yaani nyumba za wazee, ambako kitanda kililipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya wenye mapato madogo, ulioanzishwa mwaka 1965.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani likaweka sheria. Kila anayetaka kuingia katika nyumba inayolipwa na Medicaid achunguzwe kwanza: je, ana ulemavu au ugonjwa wa akili? Je, kweli anahitaji uuguzi wa mahali pale? Je, anahitaji huduma maalumu zaidi ya uuguzi? Akionekana anazihitaji, jimbo limpatie. Huduma hizo si mambo ya ajabu. Mtu afundishwe kushika kijiko mwenyewe. Asiyesema afundishwe kuonyesha kwa picha anachotaka. Kiti cha magurudumu kitengenezwe kufuata mgongo wake ulivyopinda, na mchana atoke akakae na watu. Wako watakaojifunza, na wako ambao kazi yote ni kuwazuia wasipoteze kile kidogo walicho nacho, nayo kazi hiyo yahesabiwa kuwa huduma kamili.

Hapa wenye hesabu huuliza: mtu wa miaka 50, asiyewahi kusema neno, kumfundisha kuonyesha picha ya kikombe kutaleta faida gani? Fedha hiyo ingenunulia wangapi dawa? Swali hili si la watu wabaya. Fedha ya kodi ina mwisho, na mwenye kuigawa hana budi kumnyima mmoja ampe mwingine. Lakini swali limemsahau mwenye kiu. Asiyeweza kuonyesha kiu yake hunywa pale mwingine anapokumbuka. Maji yamo chumbani, glasi ipo, na msaidizi wa muuguzi ni mtu mwema mwenye vitanda vingi vya kuhudumia. Hata hivyo yule mtu hukaa na kiu hadi saa ya zamu. Kwake yeye picha ile ni sehemu ya maji yenyewe. Atakayesema kwamba amemtendea haki kwa kumpa glasi sawasawa na wenziwe wanaoweza kuinyanyua, amempa glasi tu.

Sidhani Wamarekani wameshindwa kwa sababu mioyo yao ni migumu kuliko yetu. Naona kosa kubwa liko katika mfereji ambao fedha imechimbiwa. Chini ya Medicaid kila jimbo lalazimika kulipia kitanda cha nyumba ya uuguzi kwa anayestahili. Lakini kumhudumia mtu huyo huyo nyumbani kwao, au katika nyumba ndogo pamoja na wenzake wachache, jambo lililofunguliwa kwa kibali maalumu mwaka 1981, ni hiari ya jimbo, nalo jimbo laweza kuweka ukomo wa idadi ya watu. Wengine hungoja miaka. Tena serikali kuu hurudishia jimbo asilimia 75 ya gharama za ule uchunguzi wa kwanza, ila huduma zenyewe hazikuwekewa fungu kama hilo. Basi kuandika haja ya mtu kukawa rahisi kuliko kuitimiza.

Mwaka 1998 wenye ulemavu waliokuwa katika nyumba hizo za Massachusetts walilishtaki jimbo. Jimbo likapatana nao, likaahidi huduma. Mwaka 2002 mahakama ikaona kwamba wengi hawajapata walichoahidiwa, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Mwaka 2008 yakaja mapatano mapya, ya kuwahamishia watu 640 katika makazi ya kawaida mitaani. Baadhi ya walezi wa kisheria waliyapinga, na rufani yao ikashindwa mwaka 2010. Tusiwadharau walezi hao. Aliyemwona mpendwa wake akitulia mahali pamoja kwa miaka mingi, kwa watu waliomzoea, ana haki ya kuuliza nani atamshika huko aendako.

Sisi tusio na nyumba nyingi za namna hiyo tusijione bora. Kwetu mama au nyanya ndiye nyumba ya uuguzi, tena bila mshahara wala zamu ya kupokewa. Serikali yetu, kupitia mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa baadhi ya jamaa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizo ndizo dinari mbili, na tunashukuru. Parokia nayo hupeleka unga, sukari na sabuni. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye viungo vyake vinakakamaa, anahitaji kufikishwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara kwa mara, akiwa amebebwa mgongoni. Na matatu humtoza mama nauli, pengine na ya mtoto, kwa sababu mtoto sasa ana miaka 11 na hapakatiki tena. Katika daftari la mfuko wetu wa maskini kuna mstari wa unga na mstari wa mazishi. Mstari wa nauli hiyo haumo. Nimeiandikia Halmashauri ya Parokia kuomba uongezwe, nao wataujadili watakapokutana.