Bunduki Isiyoua Ndege

Ndugu zetu Waislamu,

Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Mulk aya ya 19, ametutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, namna wazikunjuavyo mbawa zao na kuzikunja, wala hapana awashikaye ila Yeye. Lakini jicho letu ni zito. Bawa hupita kabla hatujalitambua. Mwaka 1882 bingwa wa Kifaransa, Étienne-Jules Marey, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, isiyotoa risasi, ikapiga picha 12 kwa sekunde moja. Akawalenga ndege warukao, na watu wakaona wazi vipi bawa hupanda na kushuka.

Basi hatuoni ubaya kijana wetu kwenda na kamera yake hori ya Mida. Tuonalo baya ni kuwafukuza ndege makusudi ili waruke, apate picha. Baadhi yao wametoka Siberia, maelfu ya maili. Pale matopeni ndipo walapo na kujiwekea mafuta ya safari ya kurudi. Kila warushwapo, chakula hukatizwa na nguvu hupotea. Je, hiyo si dhuluma? Mtume wetu, s.a.w., aliwaamrisha masahaba wamrudishie ndege makinda yake waliyoyachukua.

Mwenye kamera na asubiri. Maji yakijaa, ndege wataruka wenyewe. Asiyeweza kusubiri, kamera yake imekwisha kuwa bunduki kweli.

Wabillahi taufiki.