Barabara Kwanza, Gurudumu Baadaye

Wajukuu zangu, nimewasikia jioni mkibishana karibu na Makumbusho ya Mkwawa hapa Kalenga. Mmoja anataka baiskeli ya magurudumu makubwa ya kufanyia mazoezi, mwingine anasema inchi 26 inatosha, na yupo anayetamani viatu vya magurudumu alivyoviona kwenye simu. Kila mtu alikuwa na hoja, ila hakuna aliyeitaja barabara atakayopita. Anzeni hapo.

Viatu vile huwa na magurudumu ya milimita 80 hadi 110 hivi. Kwenye lami laini ni mazoezi mazuri ya mapaja na pumzi. Kwenye changarawe yetu, kokoto moja tu hulikwamisha gurudumu dogo kiasi hicho: kiatu kinasimama, mwili unaendelea mbele. Anayevipenda avinunue, ila avivae mjini penye sakafu nzuri, na kichwani avae kofia ngumu.

Kwa Kalenga mimi nasema baiskeli. Ile ya zamani ya inchi 28, yenye breki za vyuma, hutulia sana kwenye njia tambarare za kando ya Ruaha Mdogo, maana gurudumu kubwa huvuka shimo ambalo dogo hutumbukia. Kazi ipo kwenye kupanda Iringa mjini, kama kilomita 15, tena kwenye nyanda hizi za zaidi ya mita 1,500 ambako pumzi hukata upesi. Yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita tano na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Ni mzigo kwa anayeanza. Mwambie fundi akufungie friwili ya meno 22, mzunguko ushuke hadi mita nne na nusu hivi. Tambarare utachelewa kidogo, lakini mlimani utayaokoa magoti.

Kwenye tairi ndiko vijana wengi wanapopoteza hela. Msitaje inchi tu dukani. Inchi 26 si moja: tairi ya baiskeli ya milimani hukaa kwenye ringi ya milimita 559, na ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8 huhitaji ringi ya 590. Haziingiliani hata fundi akilazimisha. Someni ubavuni. Ukikuta 50-559, hamsini ni upana wa tairi na 559 ni kipenyo cha ringi. Hiyo ya pili lazima ilingane na ringi yako. Ya kwanza una uhuru nayo kiasi, mradi tairi isikwaruze fremu, na kwa njia zetu za lami na changarawe ningechukua 40 hadi 50, yenye kashata fupi. Kashata ndefu hushika matope vizuri, lakini kwenye lami zinakula nguvu zako bure.

Halafu upepo. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, asitikiswe na mawe. Ukijaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, umelitupa lile alilolitafuta. Ubavuni pameandikwa kiwango cha mwisho. Kwenye changarawe kaeni chini yake, ila ringi isigonge mawe.

Wenye breki za vyuma, msibadilishe ringi kiholela. Raba zake hubana upande wa ndani wa ringi, za waya hubana ubavuni, kwa hiyo ringi zenyewe ni tofauti. Na ringi ya chuma ikilowa, breki hushika kwa kuchelewa. Mkirudi kutoka mjini mvua inanyesha, punguzeni mwendo mapema kabla ya kona.

Nawaona mnavyohangaikia rangi ya fremu. Hela iende kwanza kwenye matairi na raba za breki, kisha cheni na grisi ya gololi. Jumamosi nileteeni hizo baiskeli, tusome namba pamoja kabla hamjaenda dukani.