Ukaguzi wa Askari na Hesabu ya Kiyama

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika vita vya 1939 hata 1945 walikuwako vijana wa Shinyanga, na wa Geita penye machimbo ya dhahabu, walioingia jeshi la Keya. Na jeshi hilo lilipigana hata Burma. Maisha ya kambini yalikuwa amri na ukaguzi. Baragumu lilipolia alfajiri, askari alikunja blanketi, akasugua vifungo vya shaba, akasafisha mtutu wa bunduki, akasimama wima mbele ya vitu vyake. Afande akatazama kimoja kimoja. Kilichopotea, thamani yake ilikatwa katika mshahara. Lakini aliyepungukiwa aliweza kuazima kwa mwenziwe usiku, na asubuhi akapita salama.

Zingatieni, enyi ndugu. Afande aliona shaba ikimeta, asiuone moyo. Tena saa yake ilijulikana. Ama mauti hayapigi baragumu kabla ya kuja. Na mbele ya Mola hapana kuazimana: baba hatamwazima mwanawe sala. Aliyekula amana ya yatima hatakatwa mshahara, bali thawabu zake.

Basi kila mtu na ajikague kabla ya kulala: sala zake, mizani yake dukani, na haki ya jirani. Lililopungua alilipe kungali mapema.

Wabillahi taufiki.