Mungu Hakuiweka Sakafuni

Ndugu msomaji, hebu niambie: ajali huanza lini? Huanza pale kidole kinapobanwa, au zamani kabla ya hapo?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Zinga, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, ukitokea Dar kabla hujafika Bagamoyo mjini. Kuna banda la mabati pale, na ndani yake mashine ya kukereza vyuma, kuukuu lakini nzima. Mashine ni ya mjomba. Mikono ni yangu, maana macho yake yamechoka. Tunakereza bushi, tunanyoosha shafti za boti za wavuvi wa Mlingotini, na chochote kile kinacholetwa mlangoni.

Mashine yenyewe haina matata. Imesimama pale pale miaka yote. Matata ni jamaa zake, hasa chaki, lile dude nene la chuma linaloshika kazi ikizunguka. Tunazo mbili. Ndogo, ya meno matatu, haibanduki kwenye mashine. Kubwa, ya meno manne, huhitajiwa mara chache, kwa kazi isiyo duara. Basi hiyo kubwa ikalazwa sakafuni, pembeni, nyuma ya ndoo ya mabaki, ikafunikwa gunia. Nasema "ikalazwa", lakini aliyeilaza ni mimi. Siku hiyo nilikuwa hoi, nikajisemea: ya kesho yatajulikana kesho.

Kesho yenyewe ilifika Jumamosi moja. Nikamwita kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha pili. "Mdogo wangu, njoo unishikie kidogo." Kidogo! Akaja na kandambili zake, "Shikamoo, kaka," akainama. Tukainua. Chuma kilikuwa na mafuta, na mimi nilikuwa na haraka. Tulipofika usawa wa mashine upande wangu ukaponyoka. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikabaki katikati, kati ya chaki na mashine.

Tulikimbilia zahanati. Mifupa ilisalimika, kucha zikatoka. Kwa wiki tatu hakushika kalamu, na mtihani uko mlangoni. Jioni nilikwenda kumwomba mama yake radhi. Alinitandikia mkeka, akasema, "Hakuna neno, mwanangu. Mipango ya Mungu."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikosa usingizi. Maana Mungu hakuiweka chaki ile sakafuni. Niliiweka mimi.

Mjomba aliponiona nimenywea aliniambia, "Sisi tulibeba hivyo hivyo ujana wetu wote." Kweli walibeba. Lakini mjomba mwenyewe hawezi kuinuka kitini bila kushika kiuno. Rafiki yangu mmoja naye akanitetea: "Dogo si alikubali mwenyewe?" Hapo ndipo niliposhtuka. Kwetu mdogo akiitwa na mkubwa haulizi uzito. Anaitika tu. Heshima ile ile inayomleta mbio ndiyo inayomfunga mdomo. Sasa kama yeye hawezi kuuliza, ni nani anayepaswa kuuliza?

Nikaichukua chaki hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo 38! Mwaka 1991 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilitoa kanuni yake ya kuinua mizigo, na kipimo chake cha juu ni kilo 23, tena mambo yote yakiwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, una pa kushika. Ukiwa chini sakafuni, kipimo kinashuka.

Lakini kwa nini niende Marekani, na Bagamoyo ipo? Karne ya 19 wapagazi walishuka hapa kutoka bara na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Sisemi kwamba matajiri wa misafara walikuwa na huruma, la hasha! Lakini hata wao, waliouona mgongo wa mtu kama njia ya faida, walipima kwanza. Mimi, niliyemwita kijana "mdogo wangu", sikupima.

Basi nikafanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa siku ile ya uchovu. Kuning'iniza kapi na mnyororo sikuthubutu. Paa letu ni la boriti tu. Nikajenga rafu ya mbao nene za mnazi ubavuni mwa mashine, usawa wake sawa na mashine. Chaki ikasimamishwa juu yake kwa ubavu, imekingwa kwa kabari pande zote mbili isibingirike. Ukiihitaji, unalaza ubao kuvuka juu ya mashine, unaondoa kabari, unaibingirisha polepole hadi mahali pake. Hakuna kuinama, na mkono hauendi chini ya chuma. Gharama yake ilikuwa mbao, misumari na siku moja.

Ndiyo maana sasa naamini kwamba kuweka ni nusu ya kubeba. Kila kitu kizito unachokibwaga chini, iwe mtungi wa gesi, gunia, hata neno, umeshamchagua mtu wa kukiinua, ingawa bado hujamwita. Ukishindwa kumtaja jina, kuna hatari umemchagua asiyeweza kukukatalia.

Kijana alipopona alipita bandani. Nikamwonyesha. Akaisukuma chaki kwa mkono mmoja, wa kushoto, ikaenda taratibu hadi mwisho wa ubao. Akanitazama.

"Kumbe kaka, ilikuwa ni hivi tu?"

Sikuwa na la kumjibu. Wewe ungemjibu nini?