Sponji Haivishwi Sufuria Motoni

Kaa hapa kivulini, mwanangu. Sikukuita nikugombeze, pumzi za kugombeza sinazo tena. Usiku wa jana harufu ya sponji inayoungua ilinifikia kitandani, nikajua umeifunga sufuria ya bokoboko kwa kipande cha godoro huku kuni zinawaka chini yake.

Nia yako naielewa. Ngano ya bokoboko inataka moto wa polepole, saa kwa saa, na upepo huu wa Mkoani unaotoka bandarini unakuibia joto. Lakini sponji ya godoro ikiungua hutoa moshi wenye sayanidi, sumu ya kuua mtu. Na watoto wawili walikuwa wamelala palepale jikoni, juu ya jamvi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, wala si ngano.

Kaka zako nao niliwaeleza, sijui nani alishika. Sufuria iliyo motoni haivishwi kinachoungua: si gunia, si kitambaa, si makumbi ya nazi. Ndimi za moto hupanda ubavuni, na upepo ukigeuka hupanda zaidi. Motoni kinga yako ni udongo. Ukande na jivu, uzungushie mafiga, uache mlango wa kuni na upenyo mdogo kando ya sufuria moshi upate kupita. Kisha funika. Joto jingi linatokea juu pamoja na mvuke, na wewe jana ulihangaika na ubavu, kifuniko kiko sakafuni! Na usiache kukoroga, maana chini huungua ilhali juu bado ni vuguvugu tu.

Nyama na ngano zikishachemka hasa, ndipo uepue, ndipo uvishe. Mimi hutumia kapu la ukili lililoshindiliwa sufi. Kinachoshika joto ni hewa iliyotulia ndani ya sufi. Ikilowa mvuke, kapu halina kazi tena mpaka ulianike likauke. Sufuria nayo iwe imejaa, kwani iliyo nusu hupoa upesi. Usiifunuefunue. Nyama ikikaa saa nyingi chini ya nyuzi 60 huzaa vijidudu, kwa hiyo irudishe motoni ichemke tena kabla hujaanza kuponda.

Umeme wa bara ulitufikia Pemba mwaka 2010 kwa waya wa baharini kutoka Tanga, na vyakula vya shughuli zetu bado vyapikwa kwa kuni. Nikiona mkokoteni wa kuni za mikoko unapita, moyo unaniuma. Mizizini mwa mikoko ndimo samaki wadogo wanamokulia. Saa mbili za kapu ni saa mbili bila kuni, mwanangu.

Kapu langu liko darini, ukili umefumuka upande mmoja. Kaliteremshe kesho baada ya alfajiri, uje na shazia, tulishone kabla ya Iddi. Na hicho kipande cha godoro kilichobaki, kitoe jikoni sasa hivi.