Wakili Aliyefutwa Asibaki na Funguo

Enyi wasimamizi wa mitandao wa Nyalenda, mnaotunza kompyuta za sacco, zahanati na maduka ya jumla, Nyalenda A na B, sikilizeni!

Fungueni Luka 16. Wakili ameambiwa na tajiri wake kwamba kazi imekwisha. Kabla hajatoka anawaita wadeni mmoja mmoja: deni la mafuta linashuka kutoka mia hadi hamsini, la ngano kutoka mia hadi themanini. Alisifiwa kwa werevu, lakini mafuta hayakurudi. Aliwezaje? Alifutwa kwa mdomo, na hati zikabaki mikononi mwake.

Na kwenu je? Karani anaagwa Ijumaa kwa soda na hotuba. Jumatatu jina lake lingali hai kwenye saraka ya LDAP! Barua pepe, mafaili, WiFi, mishahara, vyote huiuliza saraka hiyo moja kama huyu ndiye. Ikikubali, milango yote iko wazi. Mama muuza omena aliyeweka akiba kwenye sacco hajui LDAP ni nini. Amewaamini ninyi.

Basi tendeni! Mtu akiondoka, fungeni akaunti yake saa ile ile. Kwenye OpenLDAP yenye sera ya manenosiri, wekeni 000001010000Z katika pwdAccountLockedTime. Haitafunguka mpaka msimamizi aifungue. Mtoeni kwenye makundi yote. Katizeni vikao vyake, maana aliyekwisha kuingia hatolewi na saraka peke yake. Nenosiri la msimamizi alilolijua, libadilisheni siku hiyo hiyo.

Msipitishe manenosiri uchi kwenye poti 389, washeni TLS. Msimruhusu asiyejitambulisha asome majina na simu za watu. Stima ikipotea, seva ya pili iwe tayari mahali pengine, na nakala zenu zijaribiwe kabla ya siku ya shida.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibembelezi: data ikivuja na kuwahatarisha watu, mna saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Mtamwambia nini? Kwamba mlisahau?

Leo, kabla ya kufunga ofisi, ombeni orodha ya wanaolipwa mshahara. Iwekeni kando ya saraka, msome jina kwa jina. Asiye kwenye mshahara, asilale na ufunguo!