Nafasi ya Huruma

Mtu akiambiwa na daktari kwamba amebakisha miezi michache, halafu badala ya kurudi nyumbani kulala anasimama kwenye foleni ya odisheni na namba imebandikwa kifuani, sisi wengine tumfanyie nini? Watu wengi niliowauliza wanajibu haraka, karibu kwa sauti moja. Apumzike. Akae na familia. Amtafute Mungu. Filamu ni ya nini saa hii?

Jibu hilo lina upendo ndani yake, sikatai. Lakini angalia tunavyowachukulia wagonjwa wengine. Mzee akiumwa vibaya na bado ajikokote kila asubuhi kusimamia fundi amalizie nyumba, tunamsifu hadi matangani: alikuwa mtu wa bidii, amekufa kazi ikiwa mkononi. Nyanya akipalilia mahindi ambayo huenda asiyale, hakuna anayempokonya jembe. Mtahiniwa akifanya KCSE kwenye kitanda cha hospitali, tunamwona kwenye taarifa ya habari na kila mtu sebuleni anatikisa kichwa kwa heshima. Ni dada anayetaka kuigiza tu ambaye siku zake zinakuwa ghafla na thamani kubwa mno kuchezewa. Mimi nadhani ugonjwa hapa unasingiziwa. Ukweli ni kwamba hatujawahi kukubali kuwa kuigiza ni kazi. Ni kitu unafanya ukingoja kazi ipatikane. Kwa hivyo anayetaka kutumia miezi yake ya mwisho mbele ya kamera tunamwona kama mtu aliyetoroka wodini kwenda klabu.

Sasa kuna John Cazale. Kama umetazama The Godfather unamjua, ni yule Fredo, ndugu dhaifu ambaye kila mtu anampita. Jamaa aliigiza filamu ndefu tano pekee maishani, na zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Ya tano ni The Deer Hunter. Ilipokuwa inaandaliwa, Cazale alikuwa tayari ana saratani ya mapafu. Wenye pesa walipojua, walitaka aondolewe. Kihesabu wana haki: mwigizaji akifa katikati ya kazi, yote yaliyopigwa naye yanaweza kuwa takataka. Mwelekezi, Michael Cimino, alikataa. Meryl Streep, aliyekuwa mpenzi wa Cazale na mwigizaji kwenye filamu hiyo hiyo, naye akakataa. Ratiba ikapangwa upya ili sehemu za Cazale zipigwe kwanza. Alifariki Machi 1978 akiwa na miaka 42, na filamu ikatoka mwishoni mwa mwaka huo.

Watu husimulia stori hii kama stori ya mapenzi, na ni ya mapenzi kweli. Mimi kilichonishika ni kitu kingine. Hakuna aliyempa Cazale nafasi hiyo kwa sababu anakufa. Walimtaka kwa sababu alikuwa hatari kwa kazi yake. Ugonjwa ulibadilisha kalenda, basi.

Lakini Cazale alikuwa tayari Cazale. Alikuwa na watu wa kugonga meza kwa niaba yake. Swali gumu linamhusu yule ambaye bado hajawa mtu, yule jina lake halijawahi kupita kwenye skrini hata kwa maandishi madogo ya mwisho.

Namfahamu mmoja, na kwa sababu namfahamu vizuri sitamtaja jina. Alikuwa kwenye kundi la kuigiza vitabu vya mtihani mashuleni. Hiyo kazi wengi wenu mliiona mkiwa form three. Waigizaji wanaamka saa kumi alfajiri, wanajibana kwenye matatu ya kukodi na mavazi kwenye gunia, wanaigiza tamthilia nzima ndani ya bwalo linalonuka kabeji, halafu wanakimbia shule ya pili kabla ya saa nane. Malipo ni yale ya kukufikisha wiki ijayo. Alifanya hivyo miaka minne. Angeweza kuwa ajuza na binti wa shule katika onyesho moja, na kilichobadilika ni jinsi alivyofunga leso, na wanafunzi walimwamini mara zote mbili.

Akaambiwa ni saratani, na kwamba imeshasambaa. Muda mfupi baadaye likatoka tangazo la filamu iliyotafuta mwanamke wa kuigiza makanga. Si nafasi kuu, lakini ilikuwa na maneno ya kusema, na alikuwa ameingoja nafasi kama hiyo tangu aanze. Akaenda. Akaitwa raundi ya pili. Hapo ndipo rafiki mmoja wa kundi, kwa nia njema kabisa, alipomwandikia prodyusa kwenye WhatsApp: tafadhali mpeni, hana muda.

Akapewa.

Alikuja kujua siku ya kupiga picha, kutoka kwa dada wa mekapu aliyekuwa akimpaka huku machozi yanamtoka. Baadaye alituuliza swali moja, bila kupandisha sauti: kwani nilikuwa mzuri ama nilikuwa mgonjwa? Mwelekezi aliapa kwamba alikuwa ameshamchagua kabla ya ule ujumbe. Labda ni kweli. Lakini ujumbe ukishatumwa, hakuna kiapo kinachoweza kuufuta. Hata angeigiza kuliko wote, makofi yote yangekuwa na harufu ya dawa. Alimaliza siku zake tatu za kazi na akafanya vizuri, kwa macho yangu. Amefariki sasa. Rafiki yule hajaelewa hadi leo kosa lake ni gani, na wengi wa kundi wako upande wake: si alipata alichotaka?

Hapana, hakupata. Alichotaka ni kuchaguliwa, na huwezi kuchaguliwa mahali ambapo huwezi kukataliwa. Anayekwenda odisheni anakwenda pia kutafuta uwezekano wa kuambiwa asante, tutakupigia. Ukimwondolea huo umemgeuza mgeni wa heshima kwenye kazi ya watu wengine. Sisi wazima tunakataliwa kila wiki na tunalalamika kwenye grupu, bila kuona kwamba anayekukataa amekuchukulia kama mtu mwenye kesho.

Najua kuna atakayeniletea Supa Modo, ile filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, na afadhali ailete, kwa sababu ndiyo filamu ya Kenya iliyoligusa jambo hili karibu zaidi. Jo ana miaka tisa, anakufa, na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki akae nyumbani. Dada yake, Mwix, anaona kulala tu kitandani ni kufa mara mbili, basi anamfanya mtoto aamini kwamba ana nguvu, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Unacheka, unalia. Lakini filamu yenyewe haiishii hapo. Kijiji kinatoka kwenye kumchezea Jo na kuanza kutengeneza filamu halisi, Jo akiwa ndani yake kama shujaa. Kwangu mimi hizo ni heshima mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inamhitaji mtoto asijue. Ya pili inamhitaji afanye kazi. Na hata hivyo Jo ni mtoto, na kijiji hakikuwa kinagawa nafasi ambayo wengine thelathini walipanga foleni kuitafuta. Mtu mzima wa miaka 26 hawezi kuendeshwa kwa sheria za Jo.

Kwa upande mwingine, mgonjwa naye ana deni. Filamu nyingi za Nairobi hupigwa kwa pesa za kuunganisha: mkopo wa huyu, kamera ya yule, na watu wa taa walioahidiwa kulipwa kazi ikiuzwa. Mhusika mkuu akianguka siku ya sita, wanaolala njaa ni hao. Chadwick Boseman aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana mwaka wa 2016 na akafanya kazi miaka minne, watu wachache mno wakijua, hadi kifo chake Agosti 2020. Namheshimu sana. Lakini nyuma yake kulikuwa na studio zenye mabilioni, na siri yake haingemnyima mbeba taa kodi ya mwezi. Kwa seti ndogo naona haki ina mpangilio: kwanza usaili, mtu apimwe kama wengine, akishachaguliwa, aseme, kwa mdomo wake mwenyewe, kabla ya kutia sahihi. Prodyusa akisema hapana baada ya hapo, ni hapana ya hesabu, na inauma, lakini haijadanganya mtu.

Halafu kuna mchango. Hili hatulisemi wazi. Ukishafunguliwa grupu la WhatsApp na namba ya M-Pesa, siku zako zinapata wenyehisa. Mtu ametuma mia tano, ameona picha yako uko seti umevaa kofia ya makanga unacheka, anaanza kuuliza: kwani si tulichangia dawa? Ati ana nguvu za kuigiza na hana za kwenda klinikini? Mia tano imenunua dawa, haijanunua mgonjwa. Nasema hivyo kwa ujasiri kwa sababu ni hoja rahisi.

Isiyo rahisi ni ya Massimo Troisi. Mwitaliano huyu alikuwa na ugonjwa wa moyo na alihitaji upasuaji. Aliuahirisha ili amalize Il Postino. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba alifanya kazi kwa muda mfupi tu kila siku, na mtu wa kufanana naye alisimama badala yake kwenye picha za mbali. Alifariki tarehe 4 Juni 1994, siku moja baada ya kumaliza kazi yake kuu kwenye filamu hiyo, akiwa na miaka 41. Baadaye akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, akiwa kaburini.

Tofauti na Cazale, Troisi alikuwa na mlango wa kujaribu kutoka, na aliupita. Kila nilichosema hapo juu kinaniambia kwamba siku zile zilikuwa zake na chaguo lilikuwa lake. Lakini nikijiweka pale seti, mimi ndiye nashika kamera, yeye ameketi kwenye kiti anatafuta pumzi na kuniambia yuko tayari, sidhani mkono wangu ungebonyeza bila kutetemeka. Na sidhani ningekuwa na haki ya kukataa kubonyeza.